Samaki hawakufa. Basi dawa haina shida?

Baba yangu mdogo ana bwawa la perege Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, kule ambako mifereji ya skimu ya Lower Moshi inagawa maji ya mito Rau na Njoro kwenye majaruba ya mpunga. Bwawa lenyewe ni la kawaida, mita 15 kwa 10, kina mita moja hivi. Mwaka jana alinipigia simu amekasirika. Samaki wamenona, wanakimbilia chakula, ila miezi minane imepita na hajaona kifaranga hata kimoja. Aliyewahi kufuga perege atajua kwa nini hilo lilimtisha. Shida ya perege siku zote ni kuzaliana mno, mpaka bwawa linajaa visamaki vya saizi ya kidole visivyokua.

"Mwanangu, huyu jirani na dawa zake za mpunga amewafunga kizazi samaki wangu."

Nilishuka Jumamosi. Baada ya shikamoo na chai ya maziwa tukavuta wavu, tukawageuza samaki mmoja mmoja tumbo juu. Ukimtazama perege kwa chini, karibu na mkia, dume ana matundu mawili na jike ana matatu. Tulikagua thelathini. Wote madume. Nikamuuliza vifaranga alivinunua kwa maelezo gani. Akafikiri kidogo, akasema muuzaji alimwambia ni "dume tupu", wanakua haraka. Yeye aliyachukulia kuwa maneno ya biashara.

Jirani akasamehewa kabla hajajua ameshtakiwa. Ila wale madume hawakuzaliwa madume wote. Vifaranga vya perege wanapoanza tu kula, hulishwa chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume iitwayo methiltestosteroni, kwa kawaida miligramu 60 katika kila kilo ya chakula, kwa wiki tatu hadi nne. Waliokuwa waelekee kuwa majike wanageuka madume. Hawafi kwa ajili hiyo. Hawaumwi kwa macho ya mtu. Ukiichukua kemikali hiyo ukaijaribu kwa samaki kwa siku nne huku ukihesabu maiti, daftari lako litaandikwa sifuri. Kumbe kwa upande wa uzao, bwawa lote limekwisha.

Kwa hiyo baba mdogo alikosea mtuhumiwa, ila swali lake lilikuwa sahihi kabisa: kemikali inaweza kuwamaliza samaki bila kuua hata mmoja? Inaweza. Tabu ni namna ya kujua mapema, na kwa kiasi gani.

Siku nne za tangini

Uchambuzi mmoja uliotoka mwaka 2020, uliounganisha orodha za nchi na kanda 19, ulihesabu zaidi ya kemikali na michanganyiko 350,000 iliyosajiliwa kwa ajili ya kutengenezwa au kuuzwa duniani. Sehemu kubwa haijawahi kukutanishwa na samaki yeyote maabara. Kwa zile zilizokutanishwa, kipimo kilichopo mara nyingi ni kimoja tu, cha saa 96.

Utaratibu wake ni rahisi kuuelewa. Unapanga matangi, kila moja na ukolezi wake wa kemikali, kila linalofuata limekolea zaidi kwa hatua zinazolingana, na tangi moja la maji matupu ili uwe na cha kulinganishia. Unaweka angalau samaki saba kwa kila tangi. Unahesabu waliokufa kila siku, na siku ya nne unatafuta ule ukolezi ambao ungeua nusu ya samaki. Wataalamu huuandika LC50. Mwongozo unaofuatwa na maabara nyingi ni ule wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, namba 203. Kwa nini saa 96 na si 100 au 200? Wenye maabara wenyewe hutania kwamba ukianza Jumatatu unamaliza Ijumaa, na wikiendi unakwenda kwako.

Kabla hatujaendelea, tuzoee vipimo, maana hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Chukua boza la maji la lita 10,000, lile linalouza maji mitaani bomba likikauka. Mwaga ndani yake gramu moja ya kemikali, kiasi cha chumvi unachoweza kuokota kwa ncha za vidole vitatu. Sasa una mikrogramu 100 kwa lita. Ili upate mikrogramu moja kwa lita, gramu hiyohiyo igawanywe kwenye maboza 100. Kuna viuatilifu vinavyoua samaki hata vikiwa vimegawanywa zaidi ya hapo, kwa hiyo mtu akikuambia "ni kidogo tu kimeingia mtoni", mwulize kidogo cha nini.

Sasa tazama yale ambayo LC50 haisemi. Haisemi lolote juu ya ile nusu iliyobaki hai, kama inakula, kama inakua, kama itazaa. Haisemi chochote juu ya yai. Haisemi kitakachotokea siku ya arobaini kwa kemikali inayoingia mwilini polepole na kukaa kwenye mafuta. Kwa maji yanayopata sumu mara moja, tuseme chupa imedondoka mferejini, namba hiyo ni ya maana sana. Kwa mto unaopokea kidogokidogo msimu hadi msimu, namba hiyo inajibu swali ambalo hukuuliza.

Njia ya haki ingekuwa kumlea samaki ndani ya kemikali tangu yai mpaka naye atage, kisha kutazama watoto wake. Hilo hufanyika. Kwa kisamaki cha Marekani kiitwacho Pimephales promelas, ambacho kimetumika sana kwa kazi hii, linachukua karibu mwaka mzima, na kwa samaki wa jamii ya trauti ni miaka. Hesabu maji safi, joto lisilobadilika, wahudumu, umeme usiokatika (sisemi zaidi), na kemikali zinazosubiri foleni, utaona kwa nini majaribio hayo ni machache.

Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, J. M. McKim, alirudi kwenye majaribio ya maisha mazima yaliyokuwa yamekwishafanywa na akauliza: ni umri gani ulioumia kwanza? Jibu lilikuwa mayai na vifaranga, mara nyingi kabisa. Ukiwapima hao tu, namba unayopata haiko mbali na ile ya maisha mazima. Tangu hapo jaribio la muda mrefu linalofanywa zaidi ni la utotoni: mayai yanawekwa kwenye kemikali tangu kutungwa, vifaranga wanafuatiliwa mpaka siku 30 hivi baada ya kuanguliwa kwa samaki wadogo wa maji ya joto, na siku 60 kwa trauti. Unapima walioangua, waliopona, na uzito wao.

Matokeo yake kwa miaka mingi yameandikwa kama "kiwango kisicho na athari inayoonekana". Mimi sijawahi kulipenda neno hilo. Kuonekana kunategemea macho. Maabara iliyotumia samaki wachache na matangi machache itashindwa kuona athari ambayo maabara makini ingeiona, na kwa uzembe wake itaipa kemikali cheti kizuri zaidi. Siku hizi wengi wanapendelea kutafuta ukolezi unaopunguza ukuaji au uzao kwa asilimia 10. Angalau hapo umesema athari ni kiasi gani.

Kutoka siku nne kwenda maisha

Tuseme una namba ya siku nne tu, kama ilivyo kwa kemikali nyingi. Utakisiaje ya muda mrefu?

Wa kwanza kukujibu atakuambia ugawe kwa kumi. Si mzaha. Ukichukua kemikali nyingi zilizopimwa kwa njia zote mbili ukalinganisha, uwiano wa namba ya siku nne kwa ile ya muda mrefu huangukia karibu na kumi kwa kemikali nyingi za kawaida. Sababu ipo. Kemikali nyingi za viwandani hazina ujanja wowote ndani ya mwili wa samaki. Zinajipenyeza kwenye utando wa chembe zake na kumlewesha, kama pombe, mpaka azimie. Samaki hufa kwa ulevi huo kiasi cha kemikali mwilini kinapofika kati ya milimoli 2 na 8 kwa kilo, karibu bila kujali jina la kemikali, na madhara ya muda mrefu huanza kwenye sehemu ya kumi ya hapo. Ugonjwa ni uleule, kinachopungua ni ukali tu, ndiyo maana kugawa kwa kumi kunakubali.

Kunakataa pale sumu ya muda mrefu inapokuwa ugonjwa mwingine kabisa. Kuanzia 2001 hadi 2003, watafiti wa Kanada wakiongozwa na Karen Kidd waliweka kwenye ziwa zima dogo katika jimbo la Ontario, ziwa linalojulikana kwa namba tu, 260, ile homoni inayotumika kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, ethinilestradioli. Kiasi kilikuwa nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Kwa hesabu yetu, gramu moja ndani ya maboza 20,000. Samaki madume walianza kutengeneza protini ya kiini cha yai, kitu ambacho dume hana kazi nacho. Korodani zao zikavurugika. Wale wa jamii ya Pimephales wakakaribia kutoweka ziwani, na walirudi miaka kadhaa baada ya homoni kusitishwa. Kumwua samaki kwa homoni hiyohiyo ndani ya siku nne kunahitaji zaidi ya mara laki moja ya kiasi hicho. Ungegawa kwa kumi, ungegawa kwa mia, bado ungepasisha kitu kilichofuta ukoo.

Njia ya pili naipenda zaidi kwa sababu inatumia kitu ambacho kilishapimwa na kikatupwa. Katika jaribio la siku nne, maiti huhesabiwa kila siku, lakini kinachoripotiwa ni siku ya mwisho. Chukua zote. Mfano wa kubuni: ukolezi unaoua nusu ya samaki kwa saa 24 ni mikrogramu 80 kwa lita, kwa saa 48 ni 50, kwa saa 72 ni 40, kwa saa 96 ni 35. Namba inashuka, ila kila siku inashuka kwa hatua fupi zaidi: 30, kisha 10, kisha 5. Muda ukiwa mrefu kupindukia itatulia wapi? Ukizichora dhidi ya moja-gawanya-kwa-muda zinakaa kwenye mstari ulionyooka, na mstari huo unagonga 20. Hapo unajua kwamba hata ungemwacha samaki tangini milele, chini ya 20 nusu yao hawatakufa kwa njia hii. Kisha unafanya vilevile kwa kushuka kutoka nusu ya samaki kwenda karibu na hakuna. Jasho lote limeshatoka, wewe umeongeza penseli tu. Kasoro yake ni ileile: mstari unajua kufa, haujui kutozaa.

Na mstari huo hautulii mapema kwa kila kemikali. Fikiria ndoo iliyotoboka, imewekwa chini ya bomba. Tundu likiwa kubwa, maji yanapanda kidogo, yanayoingia na yanayotoka yanalingana, basi, kesho utayakuta palepale. Tundu likiwa kama la sindano, ndoo itaendelea kupanda siku nzima. Mwili wa samaki ndiyo ndoo. Bomba ni matamvua. Tundu ni uwezo wake wa kuivunja kemikali au kuirudisha majini. Kemikali inayoyeyuka kwenye maji hulingana ndani ya saa au siku, na hapo siku nne zinatosha kabisa. Inayopenda mafuta na isiyovunjika, DDT kwa mfano, inaweza kupanda kwa wiki na miezi. Jaribio la siku nne limeipima ndoo ikiwa robo.

Upendo huo wa mafuta ndio msingi wa njia ya tatu, ambayo haihitaji samaki kabisa. Unatikisa kemikali ndani ya chupa yenye maji na alkoholi nzito iitwayo oktanoli, ambayo inafanana kiasi na mafuta ya mwili, kisha unapima imekimbilia upande gani. Mwaka 1981 Könemann, huko Uholanzi, aliwapima samaki wadogo wa gapi kwa kemikali 50 za viwandani na akaonyesha kwamba uwiano huo peke yake unatabiri vizuri sumu ya zile zinazolewesha tu. Maabara ya Duluth, kando ya Ziwa Superior huko Marekani, iliendelea mpaka ikapima zaidi ya kemikali 600 kwa samaki wa aina moja, yuleyule Pimephales promelas, ili programu za kompyuta zipate kitu cha kujifunzia. Leo unaingiza umbo la molekuli, programu inaitafutia ukoo wake, inakupa makadirio ya siku nne na ya muda mrefu kabla hujamaliza chai. Ni kazi nzuri, na ina adabu yake: makadirio ya programu ni mazuri sawasawa na ukoo uliomo kwenye kumbukumbu zake. Ukiipa molekuli ambayo haina ndugu humo, bado itakujibu, tena kwa desimali.

Halafu kuna wale wanaofanya maamuzi, ambao hawawezi kusubiri mabishano haya yaishe. Wao hutumia kigawanyo cha usalama. Barani Ulaya, ukiwa na namba za siku chache tu za samaki, kiroboto-maji na mwani, unachukua iliyo ndogo kuliko zote na kuigawa kwa 1,000. Ukileta jaribio moja la muda mrefu la samaki au kiroboto-maji, unagawa kwa 100. Mawili, 50. Matatu kutoka ngazi tatu za chakula majini, 10. Kigawanyo hicho hakipimi sumu hata kidogo, kinapima ujinga wetu, na kadiri tunavyojifunza ndivyo kinavyopungua. Naiona hiyo kuwa ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote katika utaratibu mzima. Kemikali iliyopimwa sana inaweza hata kuwekewa mstari wa aina zote za viumbe kutoka mnyonge hadi mgumu, kisha kinatafutwa kiwango ambacho asilimia 95 ya aina hizo wako salama. Asilimia tano waliobaki ni akina nani? Mstari hauna majina.

Perege si trauti

Hapa ndipo huwa nawaza Nyumba ya Mungu. Weruweru na Kikafu zinaingia Kikuletwa, na Kikuletwa inaingia bwawa lile, ambalo limelisha Moshi samaki tangu miaka ya 1960. Bonde la Pangani lina perege wake wasiopatikana kwingine kiasili, mmoja wao akibeba jina la mto na mwingine la Ziwa Jipe. Orodha ya samaki waliozoeleka maabara ni trauti wa maji baridi, kapu, gapi, samaki mwenye mistari ya pundamilia kutoka Asia ya Kusini, medaka wa Japani, na yule wa Duluth. Tunachokifanya ni kuchukua namba ya mgeni na kumvisha mwenyeji.

Wakati mwingine inamkaa, maana perege ni mgumu kuliko trauti kwa mambo mengi. Lakini ana jambo moja ambalo jaribio la utotoni halilifahamu. Jike la perege wa jamii hii halitagi mayai na kuondoka. Linayaokota mdomoni, linayabeba humo mpaka yaangue, linaendelea kuwahifadhi vifaranga kwa siku kadhaa, na muda wote huo halili. Maabara inaweka yai lililo peke yake kwenye maji yaliyotulia. Yai la perege liko mdomoni mwa mama mwenye njaa, anayelisukasuka na maji yanayopita kuelekea kwenye matamvua. Mama akisumbuliwa sana huyatema. Kemikali inayomwudhi mama tu, bila kuligusa yai, tayari imeua kizazi, na hakuna safu ya kuliandika hilo kwenye fomu.

Kambale yeye ni somo la upande wa pili. Anavuta hewa ya juu, anavumilia maji ambayo wenzake wote wameshakimbia. Nimewahi kuonyeshwa kambale kwenye mtaro kama ushahidi kwamba maji ni safi. Kambale hashuhudii kitu.

Maji nayo yana maneno yao. Wazee wa Kibosho na Machame wanaijua mrututu, ile shaba ya bluu iliyochanganywa na chokaa kwa ajili ya kahawa, na dawa nyingine za shaba zilizofuata dhidi ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Shaba haiozi. Iliyopulizwa zamani ipo udongoni mpaka leo, isipokuwa ile ambayo mvua imeshaiteremsha. Kwa samaki, shaba huziba njia ambazo matamvua hutumia kuvuta chumvi kutoka majini. Ila gramu ileile ya shaba ni sumu kali kwenye maji laini na ni pole kwenye maji magumu, kwa sababu kalisi inagombania mlango uleule na shaba. Majani yaliyooza mtoni nayo huishika shaba yasiiachie. Sasa, maji ya ukanda wetu wa volkeno yenye floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, kwa kawaida yana kalisi kidogo, jambo baya kwa samaki, lakini yana bikaboneti ya kutosha, ambayo hushika shaba, jambo zuri. Namba moja ya shaba iliyotolewa Ulaya haiwezi kukuambia lipi limeshinda. Inabidi uyapime maji yenyewe.

Shaba inanirudisha kwenye swali la baba mdogo. Kwa mikrogramu chache tu kwa lita, inamwondolea samaki uwezo wa kunusa. Ndani ya tangi safi hilo si kitu. Chakula kinaletwa, adui hayupo, siku nne zinapita, yuko hai. Mtoni, mwenzake akijeruhiwa hutoa harufu ya hatari, na samaki asiyenusa anabaki palepale akimsubiri anayekuja kumla. Majaribio ya samoni wachanga yamelionyesha hilo waziwazi. Cheti chake cha kifo kingesema ameliwa.

Dawa za wadudu za jamii ya pareto ya viwandani, pairethroidi, zinacheza mchezo tofauti. Lambda-saihalothrini huua nusu ya trauti kwa karibu mikrogramu 0.2 kwa lita. Chupa ya kawaida ina gramu 50 kwa lita, kwa hiyo mililita 20, vijiko vinne vya chai, ni gramu moja. Bwawa la baba mdogo lina lita 150,000. Gramu moja humo ni karibu mikrogramu 7 kwa lita, zaidi ya mara thelathini ya namba ile. Kwa karatasi, bwawa limekufa. Kwa kweli, maji ya Mabogini ni ya matope, na pairethroidi hung'ang'ania tope ndani ya saa chache, kwa hiyo huenda wangekufa wengi au wangekufa wachache. Ila wadudu wa chini ambao vifaranga huwala wanaishi kwenye tope hilohilo. Na mfereji hauleti dawa kwa mwendo mmoja kama tangi la maabara. Inakuja kwa mikupuo, jaruba linapofunguliwa au mvua inapopiga siku ya pili baada ya kupulizia, kisha kimya, kisha mkupuo wa dawa nyingine.

Kabla sijaondoka Jumamosi ile, baba mdogo alinitolea chupa tupu aliyoiokota kwenye tuta. Akanionyesha utepe wa kijani chini ya lebo. "Kijani ni salama, si ndiyo?" Ndiyo, kwako wewe. Utepe ule unafuata mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, nyekundu, njano, bluu, kijani, na unahusu hatari ya haraka kwa binadamu, ikikadiriwa zaidi kwa panya. Klorothalonili, dawa ya ukungu, iko kwenye kundi la kijani, nayo huua samaki kwa chini ya sehemu ya kumi ya miligramu kwa lita. Alama ya samaki ni nyingine: mraba uliosimama kwa pembe, wenye ukingo mwekundu, ndani yake mti uliokauka na samaki aliyelala. Hiyo ndiyo ya kutafuta kwenye duka la pembejeo. Maneno yanayoandamana nayo, kwamba madhara ni ya muda mrefu, yanaweza kuwa yametokana na jaribio la muda mrefu. Yanaweza pia kuwa yametokana na namba ya siku nne ikijumlishwa na ukweli kwamba kemikali haiozi haraka au inajikusanya mwilini. Kanuni za uwekaji lebo zinaruhusu njia zote mbili, na lebo haikuambii imepita ipi.

Baba mdogo alinunua vifaranga wengine, safari hii mchanganyiko. Jirani sasa humtumia ujumbe siku moja kabla ya kupulizia, naye huziba mlango wa mfereji. Aliniuliza auzibe siku ngapi. Nikaanza kumweleza kwamba inategemea dawa, joto, tope, akanikatiza. "Mwanangu, mimi nataka kujua nifungue lini." Nikamwambia siku saba, nikijua kwamba kwa dawa moja ni nyingi mno na kwa nyingine ni kichekesho.

Nyuma ya mlango wa stoo ametundika kalenda. Kila akivuta wavu anaandika: wangapi, uzito wa kumi wa kwanza, vifaranga wamo au hawamo. Ukurasa wa mwezi uliopita una kalamu nyekundu: "Majike 3, mayai mdomoni." Chini yake, kwa kalamu ya bluu: "Jirani, tarehe 18, chupa mpya. Sijaiona lebo."